Mwenye Njaa na Njaa Yenyewe

Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Shule nzima, kuanzia watoto wa darasa la chini mpaka mwalimu mkuu akiwa na haraka, walimwita Mwalimu Yenyewe. Halikuwa jina la kejeli. Lilitokana na kazi yake, maana kwa miaka thelathini na moja alifundisha Kiingereza watoto ambao nyumbani kwao hakuna aliyekisema, na katika miaka yote hiyo alipigana na kosa moja.

Kosa lenyewe sote tumelipitia, tusijifanye. Sisi husema nina njaa, nina hasira, nina subira, na neno linabaki vilevile. Kiingereza hakitaki hivyo. Kina neno la njaa, na kina neno jingine la mtu aliyeshikwa na njaa, na maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, ukikosea kuwatazama unamwita huyu kwa jina la yule. Basi mtoto anasimama darasani, kifua mbele, anamweleza mwalimu kwa Kiingereza kwamba yeye ni njaa. Jana alikuwa utoro. Baba yake ni hasira. Walimu wengine walicheka, wengine walichapa. Huyu alitafuta dawa. Aligawa ubao kwa mstari mmoja katikati. Kushoto akaandika “hungry” na chini yake mwenye njaa. Kulia “hunger”, njaa yenyewe. Kushoto “angry”, mwenye hasira. Kulia “anger”, hasira yenyewe. Mwenye, yenyewe, mwenye, yenyewe! Darasa liliimba mpaka seremala wa ng'ambo ya barabara naye akawa anapiga randa kwa wimbo huohuo. Mpaka leo kuna watu wazima na ndevu zao, wakikaa kuandika barua ya kuomba kazi, utaona midomo inacheza: mwenye, yenyewe.

Mtu huyo ndiye aliyeanza kupoteza maneno.

Alianza kuyapoteza kwa rejareja. Asubuhi moja alinyoosha mkono mbele ya darasa akitaka chaki, na neno chaki halikuja. “Nipe ile... ile nyeupe,” akasema. Watoto wakacheka, naye akacheka nao. Wiki iliyofuata alimwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Halafu ikaja siku aliyosimama mbele ya mlango wa darasa lake, ufunguo mkononi, asijue ule ufunguo ni wa kufanyia nini. Alisimama pale mpaka mtoto mmoja akasema, “Mwalimu, nikufungulie?”

Jumamosi akaaga kwamba anakwenda kununua betri za redio, akaenda kwa daktari. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia achore saa, akachora saa yenye namba zote upande mmoja. Alimpa maneno matatu ayashike, wakazungumza kidogo habari za mvua, kisha akamwuliza yale maneno. Mwalimu alikumbuka moja, na hilo nalo si la daktari. “Mishipa midogo ya kichwani inaziba, Mzee,” daktari akamwambia. “Siku nzuri zitakuwapo, na siku mbaya. Usizitegemee zile nzuri. Kazi ya kufundisha uiache.” Akamwandikia karatasi. Mwalimu akaikunja mara nne, akaitia chini ya matandiko ya droo, chini ya soksi, na betri akasahau kununua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo hata mtoto mdogo analijua, na yeye alilijua zaidi ya mtoto. Kwa nini basi akafunga mdomo? Kwa sababu ya mjukuu. Binti yake pekee alifariki akamwachia kitoto cha miaka mitatu, na kitoto kile sasa kilikuwa msichana wa darasa la mwisho, mrefu, mkimya, anayetaka kuwa muuguzi na hataki kingine. Chuo cha uuguzi hakimpokei mtu aliyeanguka Kiingereza. Na mwalimu mwingine wa Kiingereza alikuwa amehamishwa tangu mwanzo wa mwaka, hajaletwa wa kushika nafasi yake. Akiondoka yeye, darasa la watoto thelathini na wanane litakwenda kwenye mtihani bila mwalimu. Ndivyo alivyojiambia. Na majivuno yalikuwemo pia, tusidanganyane. Mtu aliyeitwa bingwa miaka thelathini na moja hakubali kuitwa mgonjwa kwa karatasi ya kijana aliyemaliza chuo juzi.

Akaanza ujanja. Aliwapa watoto wasome kwa sauti ili yeye asisome. Jina la mtoto likimpotea, alisema, “Wewe mheshimiwa, simama,” na darasa likaona ni utani mpya. Na kwa ajili ya mtihani, ambao sehemu kubwa ya alama zake hutoka kwenye maneno yale, aliamua kuwaandalia karatasi moja, yenye jozi sitini za yale maneno, waikariri mpaka iwatoke puani. Alikuwa na daftari lake la zamani la jalada gumu, ambamo kila kitu kimepangwa safu mbili. Kazi ilikuwa kunakili tu. Akakaa mezani siku ya mapumziko, mkewe akishona kwa cherehani pembeni, akanakili kwa mwandiko wake mzuri unaojulikana wilaya nzima. Alipofika jozi ya ishirini na mbili mkewe akamwita chai. Alipotoka kwenye chai, kalamu ikaanza safu ya pili badala ya ya kwanza. Kuanzia jozi ya ishirini na tatu mpaka ya sitini, mwenye akakaa mahali pa yenyewe, na yenyewe akakaa mahali pa mwenye. Hakuona. Jumatatu akaitoa nakala thelathini na nane.

Darasa likaimba karatasi ile miezi mitatu. Na haya ndiyo yanayouma: sikio lake lilisikia. Watoto walipoimba kwamba mvulana alikuwa “absence”, yaani utoro wenyewe, kitu kilimkwaruza, akasimama, akatazama karatasi. Karatasi ilikuwa na mwandiko wake. Zamani angelisikiliza sikio, karatasi angeichana. Sasa sikio hakuliamini tena, wala ulimi, wala kichwa. Alichobaki nacho ni mwandiko. “Endeleeni,” akasema.

Mtoto mmoja tu ndiye aliyenyoosha mkono. Alikuwa mtoto wa fundi baiskeli, kijana mwenye akili ya moto, vidole vyake vina grisi hata siku ya Jumatatu.

“Samahani, Mwalimu. Hii ya thelathini, mwaka jana ulitufundisha kinyume chake.”

Mwalimu akaitazama ya thelathini, asitambue kama ni mbele au nyuma. Hofu ikampanda, na hofu ya mtu mzima mbele ya watoto hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira.

“Nani mwalimu hapa, wewe au mimi?”

“Wewe, Mwalimu.”

“Baba yako akikwambia hili ni gurudumu la mbele, unambishia?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Basi kaa na grisi yako. Siku ukiajiriwa kufundisha, utanisahihisha.”

Darasa likaangua kicheko. Kijana akakaa, akachukua kifutio, akafuta jibu lake lililokuwa sahihi na kuandika la kwenye karatasi. Tangu siku ile hakuna mkono ulionyooshwa. Kamusi ya shule ilikuwa moja, kabatini, na ufunguo wa kabati uko kwenye mkufu wa Mwalimu Yenyewe.

Mtihani ukaja, ukapita. Matokeo yalibandikwa ukutani nje ya ofisi. Hisabati wamefaulu, sayansi wamefaulu wengi. Kiingereza, kati ya watoto thelathini na wanane, amefaulu mmoja. Mjukuu wa mwalimu.

Jamani! Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umeshahukumu. Wakaitoa ile karatasi, wakampelekea karani wa posta anayejua Kiingereza, naye akaweka miwani akasema kuanzia katikati imegeuzwa, tena imegeuzwa kwa mpango, si kosa la kuteleza. Kumbe! Watoto wa wenzake kawalisha makapi, wa kwake akamfichia punje. Nafasi za chuo ni chache, akawapunguza washindani. Kikulacho ki nguoni mwako, watu wakasema, na mabibi waliokuwa wakileta vitambaa kwa mkewe wakagundua ghafla kwamba kuna fundi mwingine mtaa wa pili.

Jioni akaja fundi baiskeli. Alisimama nje ya mlango, hakuvua kofia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Karibu ndani.”

“Sikuja kukaa.” Akaifungua ile karatasi. “Huu ni mwandiko wako?”

“Ni wangu.”

“Mjukuu wako hakujibu hivi kwenye mtihani. Angejibu hivi angeanguka na wenzake. Sasa nieleze, Mwalimu, nieleze kama unavyomweleza mtoto, maana mimi shule yangu ilikuwa fupi.”

Mwalimu akaishika karatasi. Ilikuwa moja ya zile siku mbaya. Aliona wino, aliona mistari, na maneno yalimtazama kama wageni aliokutana nao stendi.

“Mwanangu yuko karakana sasa hivi, anaziba pancha,” fundi akasema. “Sikumsomesha azibe pancha. Pancha naziba mimi.”

Akaondoka bila kuaga, na kwa mtu aliyeanza na shikamoo, kuondoka bila kuaga ni tusi kubwa kuliko matusi.

Mwalimu akarudi ndani, akaketi. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mjukuu wake alikuwa amesimama karibu na pazia la chumbani, mikono imeshikana, na siku zote babu yake humtania, humwita mchumba, humwambia bibi yake ni mke wa zamani tu anamalizia mkataba. Leo hakuna aliyetania.

“Babu,” akasema, “mimi nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Karatasi. Tangu wiki ya kwanza. Niliona imegeuka.”

Akaeleza yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika. Aliiona, akadhani ni kosa la mara moja. Halafu akamwona babu yake akivaa viatu kinyume, akamwona akitafuta neno sabuni mpaka machozi yanamlenga, na siku moja akimtafutia soksi droo akaikuta karatasi ya daktari. Akaenda kwa bibi. Bibi akamwambia funika kombe mwanaharamu apite, mzee wako amebakiza miezi michache astaafu kwa heshima, ukimvua nguo mbele za watu tutaaibika sote. Basi akafunika. Darasani akaimba na wenzake. Usiku kichwani akayapanga upya, mwenye mahali pake, yenyewe mahali pake.

“Walikuwa wananiuliza, Babu. Wanasema, wewe ndiye wa nyumbani kwake, hebu tuambie, hii ni sawa? Nikawaambia ni sawa.” Akaanza kulia. “Mtoto wa fundi aliniuliza mara mbili. Mara mbili nikamwambia ni sawa, fuata karatasi.”

“Nilaumu mimi,” bibi akasema kutoka kwenye cherehani. “Mtoto usimguse. Nimekuosha, nimekulisha, nimekufichia na hili. Nilaumu mimi.”

Mwalimu hakumlaumu mtu. Alitaka kuuliza kwa nini hawakumwambia yeye mwenyewe, na kabla hajauliza akamwona yule kijana wa grisi akikaa huku darasa linacheka, akajua kwa nini. Aliinama, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akalia mbele ya mkewe na mjukuu wake, na wao wakamwacha alie.

Baada ya siku nne ikaja barua. Kamati ya wazazi itakutana Jumamosi asubuhi. Agenda ni moja: kuiandikia bodi ya mitihani kwamba mtahiniwa fulani alifaidika kwa udanganyifu wa mwalimu ambaye ni mlezi wake, na kuomba matokeo yake yafutwe. Yakifutwa, na chuo kimefutika. Na si mwaka huu tu. Mtu aliyefutiwa matokeo kwa udanganyifu hapokewi tena na chuo chochote.

“Wafute ya kwangu,” Mwalimu alimwambia mkewe akivaa koti lake la shule. “Wafute pensheni, wafute jina. Ya mtoto hawafuti.”

Walikutana katika darasa lake mwenyewe. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na watahiniwa wakasimama nyuma wameegemea ukuta, mjukuu wake peke yake kwenye kona kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Nusu ya wazazi wale alikuwa amewafundisha. Mwalimu mkuu naye alikuwa amemfundisha. Ndiyo maana mwalimu mkuu aliongea akitazama meza.

“Mwalimu, una nafasi ya kujieleza.”

“Sikudanganya,” akasema. “Mimi ni mgonjwa. Maneno yananitoroka. Karatasi ile niliikosea bila kujua, na mjukuu wangu alinisahihisha moyoni akaogopa kunisahihisha mdomoni. Kosa lake ni kuniheshimu.” Akatoa ile karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne.

Karatasi ikazunguka mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja akafuta macho. Lakini ilipomfikia fundi baiskeli, hakuifungua.

“Karatasi,” akasema. “Mwanangu ameangushwa na karatasi, na sasa naambiwa nitulizwe na karatasi. Hapana. Maswali ya mtihani tunayo. Yaandikwe ubaoni, Mwalimu ayajibu mbele yetu. Kama kweli kichwa kimeharibika, tutaona, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwomba radhi. Kama hakijaharibika, barua iende.”

Wengi wakasema haki, haki. Mwalimu mkuu akaandika ubaoni sentensi kumi, kila moja na pengo, na mbele ya kila pengo maneno mawili ya kuchagua. Akamkabidhi chaki mwalimu wake wa zamani bila kumtazama usoni.

Mwalimu Yenyewe akasimama mbele ya ubao. Na hapo, ole wake, akagundua kwamba leo ni siku nzuri. Maneno yote yalikuwa yamerudi. Alisoma sentensi ya kwanza na jibu likaja lenyewe. Akasoma ya pili, ya tatu, zote zikamfungukia kama zamani, hata akasikia furaha ikimpanda kifuani. Miezi mizima alikuwa ameomba apewe asubuhi moja kama hii. Amepewa, na amepewa leo.

Akaelewa hesabu ilivyokaa. Akijibu sawasawa, yeye ni mzima. Na akiwa mzima, basi karatasi ile aliigeuza kwa kusudi, na mtoto wake ni mwizi. Heshima yake ingesimama kwa dakika kumi na maisha ya msichana yangeanguka yote. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuandika kosa ubaoni akijua ni kosa, hata kwa mfano. Aliamini jicho la mtoto hushika lilichokiona kwanza.

Akaandika jibu la kwanza. Akaandika lisilo lake, lile la makosa.

Nyuma yake mtu akavuta pumzi. Akaandika la pili, lisilo lake. Alipofika la tatu akasikia mnong'ono. Mwanzoni hakuelewa, halafu akaelewa. Wazazi, wale aliowafundisha yeye, waliokuja kumhukumu, walikuwa wanamsaidia. Chini kwa chini, kwenye madawati yale yale walikokaa wakiwa wadogo, walikuwa wanaimba: mwenye, Mwalimu... hapo ni mwenye... Walitaka apate. Walisahau barua, walisahau matokeo, wakamwonea huruma mzee wao asiaibike. Na yeye akiwasikia vizuri, akijua wanasema kweli, akaandika yenyewe.

La nne, la tano, la sita, la saba. Kila moja alilikosea kwa makini kuliko alivyowahi kupatia. Jasho likamtoka, koti likalowa mgongoni.

Yalipobaki matatu akasita. Kulikuwa na la subira, na la ukweli, na la nguvu. Saba kati ya kumi zinatosha kuangusha mtu, akajiambia. Hakuna mgonjwa anayekosa zote. Akikosa zote watadhani anaigiza. Hizi tatu nitazipatia. Hizi tatu ni zangu. Akaandika la nane taratibu, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika la tisa, akaandika la kumi, akaweka nukta. Mnong'ono ulikuwa umekoma. Yeye akadhani wamepumua, kwamba angalau mwishoni mzee wao amejitahidi.

Fundi baiskeli ndiye aliyeinuka. Alikuja mpaka ubaoni, akamtoa chaki vidoleni kwa upole, akamshika mkono.

“Basi, Mwalimu. Inatosha. Kaa, tafadhali.” Akamketisha kwenye kiti, akabaki amesimama mbele yake. “Niwie radhi. Nilisema maneno mabaya mtaani, nayarudisha. Lakini nikwambie kweli yangu. Ugonjwa nimekusamehe. Kunyamaza, bado sijakusamehe. Mwanangu alinyoosha mkono.”

“Alinyoosha,” Mwalimu akasema. “Nilimwambia akae na grisi yake. Nilikuwa naogopa, fundi. Mwambie nilikuwa naogopa.”

“Utamwambia mwenyewe, siku ukijaliwa siku nzuri.”

Barua haikuandikwa. Mwalimu mkuu alisema bodi itaombwa iwaruhusu watoto warudie mwaka ujao, na kila mtu alijua kwamba nusu yao hawatarudia. Wawili walikuwa wameshapelekwa kwa ndugu kulea watoto, na mmoja yuko karakana. Kisha mwalimu mkuu akamwomba Mwalimu Yenyewe ule mkufu wa funguo. Hakuna aliyesema neno la kumuaga. Wangeanzia wapi?

Alitoka nje akishika bega la mjukuu wake. Walipita ofisi, wakapita ukuta wa matokeo, na wenzake wa darasa moja waliwapisha njia bila kumsemesha msichana. Amebaki na chuo chake. Rafiki hana hata mmoja. Walipofika barabarani, mbali na masikio ya watu, mzee akajikohoza, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao msichana hakuusikia tangu mwanzo wa mwaka.

“Mchumba, nikwambie siri. Leo kichwa kilikuwa kizima. Yale saba ya kwanza niliyakosea kwa kusudi, kwa ajili yako. Lakini yale matatu ya mwisho nilishindwa kuyaacha. Nikayapatia, ili na mimi nibaki na kitu. Uliyaona?”

“Niliyaona, Babu.”

“Yalikaa vizuri, eeh?”

“Yalikaa vizuri.”

Alijibu haraka mno. Mwalimu akasimama. Miaka yote ile alikuwa amesikiliza watoto wakijibu, na sauti ya mtoto anayemwambia mwalimu kile ambacho mwalimu anataka kusikia aliijua hata usingizini.

“Mjukuu wangu,” akasema polepole. “Kunifichia ndiko kulikotufikisha hapa. Niangalie. Yalikuwa sahihi, hayakuwa sahihi?”

Msichana akamwangalia. Safari hii hakuinamisha uso.

“Hayakuwa sahihi, Babu. Ulikosea yote kumi.”

“Na la subira?”

“Na hilo.”

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea salamu kutoka mbali. Aligeuka nyuma, akalitazama jengo la shule kwa muda, kisha akatazama barabara upande huu na upande huu.

“Basi nishike mkono,” akasema. “Twende nyumbani. Nionyeshe ni njia ipi.”